Shirley Graham Du Bois au Maya Angelou: uanze kumsoma nani?

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Accra ilikuwa na waandishi wawili wanawake, Wamarekani weusi, wote wanaharakati, wote wameihama nchi yao. Shirley Graham Du Bois alikuwa ameshavuka miaka 60, akiishi mtaa wa Cantonments na mumewe W.E.B. Du Bois, mwanazuoni na mpigania haki za weusi, kama wageni wa Rais Kwame Nkrumah. Maya Angelou alikuwa katikati ya miaka yake ya 30, mama wa kijana mmoja, mfanyakazi wa ofisi katika Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon, akiandika makala za magazeti kila anapopata nafasi. Walifahamiana. Walipokea wageni wale wale. Na mmoja wao aliandika wazi kwamba mwenzake alimkera.

Anayetaka kusoma habari za Wamarekani weusi waliohamia Afrika wakati wa uhuru hufika mahali akauliza aanze na nani. Ni swali la maana, maana hawa wawili hawatoi kitu kimoja. Ukikifungua kitabu cha Shirley ukitafuta moyo ulioachwa wazi, utakiweka chini kabla ya ukurasa wa 50. Ukikifungua cha Maya ukitafuta namna serikali ya Nkrumah ilivyofanya kazi, utabaki na njaa.

Jibu kwa mwenye haraka

Ikiwa ni kitabu kimoja tu, na unasoma kwa ajili yako mwenyewe, chukua All God's Children Need Traveling Shoes cha Maya Angelou, kilichotoka mwaka 1986. Kina kurasa zipatazo 200, kinapatikana bila taabu, na hakuna kitabu kingine kinachoonyesha vizuri zaidi maisha ya Wamarekani hao mjini Accra siku hadi siku.

Ikiwa unafundisha vijana, au unataka kuona jinsi viongozi wa Afrika huru walivyoelezwa kwa wasomaji wa Marekani na mtu aliyekuwa upande wao, mchukue Shirley. Mtanzania ana sababu ya ziada: Shirley aliandika wasifu wa Mwalimu Nyerere, nao umesahaulika kuliko unavyostahili.

Ikiwa ni tasnifu, mchague Shirley bila kusita. Maya ameandikiwa mengi kiasi kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutumia muhula mzima kusoma yaliyosemwa na wengine kabla hajasema lake. Kwa Shirley bado kuna milango ambayo haijafunguliwa.

Kila mmoja alivyoondoka Marekani

Shirley alizaliwa Indianapolis mwaka 1896, binti wa mchungaji wa AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi. Alisoma muziki Paris, kisha Oberlin. Mwaka 1932 opera yake, Tom-Tom, ilionyeshwa katika uwanja wa michezo wa Cleveland, washiriki wakiwa takriban 500: sehemu ya kwanza katika kijiji cha Afrika, ya pili katika shamba la watumwa kusini mwa Marekani, ya tatu Harlem. Aliongoza kitengo cha weusi cha mradi wa serikali wa tamthilia mjini Chicago, akafanya kazi NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na kuanzia 1944 akaandika mfululizo wa wasifu kwa vijana: George Washington Carver, Paul Robeson, Frederick Douglass, Phillis Wheatley, Benjamin Banneker. Tunayasema haya mapema kwa sababu kosa la kwanza la wasomaji wake ni kumwona kama mjane wa mtu maarufu. Alipofunga ndoa na Du Bois Februari 1951 alikuwa na miaka 54, jina lake limo kwenye majalada ya vitabu mashuleni na maktabani.

Mwezi ule ule wa ndoa serikali ya Marekani ilimfungulia Du Bois mashtaka kwamba hakujiandikisha kama wakala wa nchi ya kigeni, kwa sababu ya kazi yake ya kupinga silaha za nyuklia. Novemba aliachiwa huru, lakini mume na mke walizuiliwa pasipoti. Machi 1957 Ghana ilipopandisha bendera yake, Du Bois alikuwa amealikwa akashindwa kwenda. Ilibidi uje uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1958 ndipo walipopewa pasipoti zao. Desemba mwaka huo Shirley alisimama Accra mbele ya Mkutano wa Watu Wote wa Afrika na kusoma hotuba ya mumewe, ambaye alikuwa mgonjwa. Oktoba 1961 walihamia Ghana kabisa.

Maya alifika kwa njia nyingine. Alizaliwa St. Louis mwaka 1928, akawa mcheza dansi na mwimbaji wa majukwaani, akajiunga na chama cha waandishi wa Harlem mwaka 1959. Mwaka 1960 alisaidia kuandaa onyesho la kuchangia shirika la Martin Luther King, SCLC, kisha akawa mratibu wa ofisi yake ya New York. Februari 1961, habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipofika, yeye na wanawake wenzake waliandamana hadi Umoja wa Mataifa na kuvuruga kikao cha Baraza la Usalama. Tukio hilo limo katika The Heart of a Woman, cha mwaka 1981, na msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Goma anaweza kuanzia hapo hapo bila kupitia kitu kingine: ni nadra kukuta mahali palipoandikwa kwa ukaribu namna hii jinsi kifo cha Lumumba kilivyopokelewa katika mitaa ya Harlem.

Baadaye mwaka huo alikwenda Cairo na Vusumzi Make, mpigania uhuru wa Afrika Kusini kutoka chama cha PAC. Huko alipata kazi katika gazeti la Arab Observer, na aliyemfungulia mlango alikuwa David, mtoto wa Shirley. Uhusiano na Make ulipovunjika Maya alifunga safari kuelekea Liberia, akipitia Accra ili mwanawe Guy aanze chuo. Siku chache baada ya kufika, Guy alipata ajali mbaya ya gari akavunjika shingo. Safari ya Liberia ikaishia hospitalini, na Ghana ikawa makazi.

Tofauti inayoamua mengine yote iko hapa. Maya alikuwa na mahali pa kurudi, na mwaka 1965 alirudi. Shirley hakuwa nako. Wanajeshi walipompindua Nkrumah tarehe 24 Februari 1966, aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani, kisha akaondoka na kuhamia Cairo. Mwaka 1970 aliomba viza ya kuitembelea nchi aliyozaliwa akanyimwa. Baadaye ndipo aliporuhusiwa. Alifariki Beijing tarehe 27 Machi 1977, akiwa raia wa Tanzania.

Soma vitabu vyao ukiwa na jambo hilo kichwani. Maya aliiandika Ghana miaka 20 baadaye, akiwa amekaa Marekani, ana kazi ya chuo kikuu na jina kubwa. Anaweza kusema Ghana ilimuumiza, kwamba wenyeji wengine walimdharau, kwamba baada ya majaribio ya kumuua Nkrumah kila Mmarekani alitazamwa kwa shaka. Shirley aliandika juu ya viongozi ambao nchi zao zilimhifadhi, wakati nchi yake mwenyewe ikimfungia mlango. Katika vitabu hivyo anayoyanyamazia yana uzito sawa na anayoyasema, na msomaji mzuri huyahesabu yote mawili.

Usiku wa tarehe 27 Agosti 1963

Ukitaka kuwaona wote wawili ndani ya saa chache, fungua kurasa za Maya juu ya usiku huo. Wamarekani weusi wa Accra walikuwa wameandaa maandamano kwenda ubalozi wa nchi yao, kuunga mkono maandamano makubwa ya Washington yaliyopangwa siku iliyofuata. Julian Mayfield, mwandishi, alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Usiku, mienge mikononi, habari ikapita kwenye mistari kwamba Du Bois amefariki. Watu wakaimba. Asubuhi wanajeshi wa ubalozi walitoka kupandisha bendera ya Marekani, na waandamanaji wakawazomea. Hapo Maya anaandika jambo ambalo mwandishi mwoga angelificha: kwamba waliokuwa wakizomea waliitamani pia bendera ile, kwa sababu hawakuwa na nyingine.

Shirley hayupo barabarani. Yuko nyumbani na maiti ya mumewe aliyekuwa na miaka 95, na mbele yake kuna mazishi ya kitaifa. Habari ya upande huo iko katika His Day Is Marching On, kumbukumbu zake za mumewe alizozitoa mwaka 1971. Kundi lolote la wasomaji linaweza kutumia mkutano mmoja kwa usiku huu tu: kurasa chache za Maya, kurasa chache za Shirley, tarehe moja, mji mmoja.

Namna wanavyoandika, na panapoharibika

Maya anaandika tawasifu kwa mbinu za mwandishi wa riwaya. Kuna mazungumzo marefu, vichekesho, vyakula, nguo, hasira zinazopanda na kushuka. Mazungumzo hayo ameyaunda upya baada ya miaka mingi. Hakuna mtu aliyekuwa na kinasa sauti chumbani. Kwa hiyo mwamini anapokwambia alivyojisikia, ila tarehe uzihakikishe kwingine. Mpangilio wa matukio wakati mwingine hausimami sawa kati ya kitabu kimoja cha tawasifu na kingine. Ukiandika insha ya historia ukamtaja yeye peke yake kuwa ushahidi wa tarehe, mwalimu makini atakurudishia kazi.

Kiingereza chake kinaonekana chepesi kisha kinakunasa. Sentensi ni fupi, lakini zimejaa lugha ya weusi wa kusini mwa Marekani, Biblia, na maneno ya Kifante, lugha ya pwani ya Ghana. Anayesoma kwa Kiingereza cha shule ataielewa hadithi na kukosa nusu ya vichekesho. Dawa ni kusoma kwa sauti, hasa mazungumzo. Mengi hufunguka yakipita mdomoni.

Shirley ni kinyume chake. Kiingereza cha wasifu zake kimenyooka, kwa sababu ziliandikwa kwa vijana wa sekondari na kutolewa na wachapishaji waliouza maktabani. Kijana wa kidato cha pili au cha tatu anamudu. Lakini naye anatunga mazungumzo, tena ya watu waliokufa kabla hajazaliwa. Mtoto Frederick Douglass anapoongea kitabuni, ujue ni Shirley anayemwongelesha, akijenga juu ya kile Douglass alichokiandika mwenyewe. Wachapishaji wa vitabu vya vijana wakati ule waliutaka mtindo huo, na si udanganyifu. Kosa ni letu tukizinukuu sentensi hizo kana kwamba ni maneno ya mhusika. Tumeziona nukuu za namna hiyo zikizunguka mtandaoni na jina la Douglass chini yake.

Kuhusu tarehe zake binafsi, kuwa mwangalifu zaidi. Shirley alijipunguzia umri, na vitabu vya marejeo vya zamani vinatoa mwaka wa kuzaliwa ulio mbele ya 1896 kwa takriban miaka kumi. Ukikuta kwamba alizaliwa 1906 au 1907, ujue chanzo kimemfuata yeye. Kosa hilo likiachwa linaharibu hesabu nyingine: litakufanya uamini Tom-Tom ilitungwa na msichana wa miaka 25, kumbe mtunzi alikuwa mama wa watoto wawili anayekaribia miaka 36.

Yaliyotokea kati yao

Mei 1964 Malcolm X alifika Accra. Kikundi cha Maya na Mayfield kilimzungusha mjini, kikamwandalia mikutano, kikitamani akutane na Nkrumah. Shirley ndiye aliyekuwa na njia ya kumfikia rais, na kwa macho ya Maya alichelewa na alijitenga. Mwishowe ni Shirley aliyefanikisha mkutano huo. Maya, bado amekasirika, alimsema vibaya mbele ya Malcolm. Malcolm alimkanya: asiwe mwepesi wa kumhukumu mtu kwa sababu hafanyi anavyofanya yeye au haendi kwa kasi yake.

Maya angeweza kuliacha tukio hilo nje ya kitabu. Aliliweka, na makosa yakawa upande wake. Hilo ni fundisho zuri la uandishi wa tawasifu, na tunalipendekeza kwa yeyote anayefundisha somo hilo. Lakini wasomaji wengi hukumbuka malalamiko na kusahau karipio, wakabaki na picha ya Shirley kama bibi mwenye kiburi wa Cantonments. Weka karibu yake mambo mawili: wakati huo mume alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, na Shirley alikuwa amebeba kazi ya kuianzisha televisheni ya taifa.

Kazi hiyo ya televisheni haimo kabisa katika dunia ya Maya. Nkrumah alimpa Shirley jukumu la kuiongoza Televisheni ya Ghana kabla haijawa na hata picha moja hewani. Alisafiri nchi kadhaa kutazama wenzao wanavyoendesha, akasimamia mafunzo ya wafanyakazi, na tarehe 31 Julai 1965 matangazo yakafunguliwa. Nia ilikuwa elimu ya umma, bila kutegemea matangazo ya biashara. Miezi saba baadaye mapinduzi yakamng'oa. Hakuandika kitabu juu yake, kwa hiyo usipoteze muda kukitafuta. Habari zimo katika wasifu wake ulioandikwa na Gerald Horne, Race Woman, wa mwaka 2000, na katika nyaraka zake.

Siasa zao

Hapa tutapita haraka. Shirley alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Marekani miaka ya 1940, na katika miaka yake ya mwisho aliegemea China. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Freedomways mjini New York. Maya hakuwa mtu wa chama. Siasa yake ilikuwa ya kampeni, jukwaa, maandamano na urafiki. Kwa anayetaka kuona uamuzi wa dola, Shirley ana zaidi. Kwa anayetaka kuona harakati zinavyojengwa na watu wasio na cheo, kuanzia kuchangisha hadi kugombana na kupatana, Maya hana mpinzani.

Kitabu cha Nyerere

Julius K. Nyerere: Teacher of Africa kilitoka New York mwaka 1975 kwa wachapishaji Julian Messner, waliojulikana kwa wasifu za vijana. Hakifiki kurasa 200. Kinafuata kazi nyingine mbili za miaka ile: wasifu wa Gamal Abdel Nasser wa 1972 na riwaya ya Zulu Heart ya 1974, inayohusu Kaburu aliyepandikizwa moyo wa Mzulu.

Mtanzania asikifungue akitarajia habari mpya. Butiama, Tabora, Makerere, Edinburgh, TANU mwaka 1954, uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967: hiyo njia tumeipita tangu shule ya msingi. Thamani yake ni jicho la mwandishi. Huyu ni mwanamke aliyeiona ndoto ya Nkrumah ikivunjwa kwa bunduki, akahamia Misri, akaitazama Tanzania kama mahali ambapo jambo lile bado linaendelea, hadi akachukua uraia wake. Anaandika kwa kijana wa Chicago au Detroit ambaye Afrika yake ni ya filamu za msituni. Kila anachokichagua kumweleza kijana huyo kinakuambia alichoona ni muhimu.

Namna nzuri ya kukitumia darasani ni hii. Chagua kurasa 15 hadi 20. Kila mwanafunzi apige mstari chini ya mambo matatu ambayo mwandishi anayafafanua ilhali Mtanzania hahitaji kufafanuliwa. Kisha atafute mambo mawili ambayo yeye, akiwa Mtanzania, angeyaeleza na Shirley hakuyaeleza. Mwisho waweke ukurasa mmoja wa Azimio la Arusha pembeni na kuuliza ni kipi kimepungua kati ya maandishi haya mawili. Dakika 80 zinatosha. Bila zoezi la pili somo hugeuka kuwa sifa tupu, na wanafunzi huchoka.

Jambo moja tu tunasisitiza: usikifanye chanzo cha historia ya vijiji vya ujamaa. Kimetoka wakati Operesheni Vijiji bado inaendelea, kimeandikwa kwa vijana wa ng'ambo na mtu aliyempenda Mwalimu. Kwa jinsi watu walivyohamishwa na gharama waliyoilipa, tafuta tafiti za baadaye.

Kuvipata vitabu

Vya Maya havisumbui. Toleo la wachapishaji Virago wa Uingereza ndilo linalofika zaidi katika nchi zetu, na maduka makubwa ya vitabu mijini huweza kuagiza kama hawanacho. Angalia tu usiuziwe kile cha kwanza, I Know Why the Caged Bird Sings cha 1969, ukidhani kina habari za Ghana. Tawasifu zake ni saba. Afrika imo zaidi katika cha nne na cha tano.

Vya Shirley vingi vimeacha kuchapishwa. Utavipata kwenye vyuo vikuu, kwa wauza vitabu vya mitumba mtandaoni, au kwenye maktaba za mtandaoni zinazoazimisha nakala zilizopigwa picha. Shida kubwa ni jina. Vitabu vya miaka ya 1940 na 1950 viko chini ya Shirley Graham. Vya baadaye vinaweza kuwa chini ya jina hilo hilo, Shirley Graham Du Bois, au Shirley Du Bois. Na kompyuta nyingi hutofautisha Du Bois na DuBois. Katika karatasi za zamani yumo pia kama Shirley Graham McCants, jina la ndoa yake ya kwanza. Tafuta yote, moja moja. Tahadhari nyingine: riwaya ya 1975 juu ya Wamarekani weusi wa Cairo ni ya David Graham Du Bois, mtoto wake, na wauzaji huwachanganya. Kwa Maya, nyaraka za Cairo na Accra mara nyingi humwita Maya Angelou Make.

Ukinunua mtumba wa Shirley, omba picha ya ukurasa wa hakimiliki na ya ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Nyingi ya nakala hizo zilikuwa za maktaba za shule, zina mihuri, na hukosa kurasa za nyuma.

Ukitaka kuwasoma wote: wiki sita

Mpango huu unafaa kikundi cha watu watano hadi kumi wanaosoma kurasa 60 hadi 80 kwa wiki.

Wiki ya kwanza, sehemu ya mwisho ya The Heart of a Woman, kuanzia maandamano ya Lumumba hadi kufika Accra. Ukiruka hapa, kitabu kinachofuata kitaanza na ajali ya Guy na hutajua kwa nini mama huyu yuko Ghana peke yake.

Wiki ya pili na ya tatu, Traveling Shoes chote. Kigawe kwa matukio: hospitali na kazi ya Legon, maandamano ya ubalozini, ziara ya Malcolm X, kisha safari ya Berlin, na Keta, mji wa pwani ya Ghana, mwishoni, ambako wanawake wa sokoni waliuona uso wake wakalia, wakiamini ametoka kwa ndugu zao waliochukuliwa utumwani.

Wiki ya nne, sehemu za Ghana katika His Day Is Marching On. Kitabu kizima ni kirefu, na sura za mwanzo zinamhusu zaidi mume. Kundi likianza na kitabu hiki huvunjika. Ndiyo maana tumekiweka baada ya Maya, watu wakiwa wameshaijua Accra.

Wiki ya tano, kitabu cha Nyerere. Wiki ya sita, sura za Horne kuhusu Ghana na televisheni, mkirudi kwenye ugomvi wa 1964 na kuuliza upya nani alikuwa na haki ya kukasirika.

Kama wanakikundi wawili watatu ni wanasheria, waongezeeni Pauli Murray, mwanasheria Mmarekani mweusi. Alifundisha katika shule ya sheria mjini Accra mwaka 1960 hadi 1961, akaandika pamoja na Leslie Rubin kitabu juu ya katiba ya Ghana, na alikuwa na mashaka na mwelekeo wa Nkrumah mapema kuliko wenzake. Tawasifu yake, Song in a Weary Throat, ilitoka mwaka 1987 baada ya kifo chake.

Kwa mwanafunzi wa utafiti

Nyaraka za Shirley ziko Maktaba ya Schlesinger, Harvard. Za Maya ziko Kituo cha Schomburg, Harlem. Kusafiri kwenda huko ni gharama ambayo wengi hawaimudu, kwa hiyo anza na za W.E.B. Du Bois zilizoko Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst: zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, na ndani yake kuna barua nyingi za Shirley na zinazomhusu, zikiwemo za miaka kabla ya ndoa. Andika jina lake kwa sura zote tulizotaja, kisha panga matokeo kwa mwaka. Mwenye kompyuta na wiki mbili anaweza kukusanya barua za kutosha sura moja ya tasnifu.

Chagua swali dogo. "Shirley na Afrika" litakumeza. Namna alivyomweleza Nyerere mwaka 1975 ukilinganisha na alivyomweleza Nasser mwaka 1972 ni swali linalojibika kwa vitabu viwili na kalamu. Uraia wake wa Tanzania ni jingine, na hapo mtafiti aliyeko Dar es Salaam au Dodoma ana nafasi kuliko yule wa Boston, kwa sababu anaweza kwenda mwenyewe kuuliza katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na kupekua magazeti ya miaka ile, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Nenda na barua ya chuo na kibali cha utafiti mkononi. Bila hivyo utarudishwa mlangoni.